Mtoto Amsomeaye Babaye

Katika mji wa Tunduma, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam huingia nchi ya Zambia, karatasi ni nyingi kama vumbi. Malori husimama safu ndefu yakingoja hati zao zikaguliwe, na wenye maduka hufanya hesabu kwa shilingi na kwa kwacha. Tangu mwaka 2019 maofisa wa Tanzania na wa Zambia hufanya kazi pamoja katika kituo cha mpakani, ili msafiri asisimamishwe mara mbili. Huko mashambani nako, katika Wilaya ya Mbozi, mkulima apelekaye kahawa yake kwenye chama cha ushirika hurudi na stakabadhi. Mgonjwa atokaye zahanati huja na cheti kilichoandikwa jinsi ya kutumia dawa. Fedha zitumwazo na ndugu aliye mbali huja kwa ujumbe wa simu ya mkononi. Mambo haya yote yataka mtu ajuaye kusoma. Lakini si wazazi wote wajuao kusoma, na miongoni mwa mababu na mabibi wasiojua ni wengi zaidi. Basi mzee huita, "Mwanangu, njoo unisomee."

Neno hilo ni dogo, nalo husemwa kila siku, wala watu hawalioni kuwa ni jambo kubwa. Hata hivyo, saa ile mzee ampapo mtoto karatasi, mambo ya nyumba yamegeuka. Aliyezoea kuamriwa sasa ndiye mwenye macho, na aliyezoea kuamuru hana budi kuamini aambiwalo. Watu husema sana juu ya heshima ya watoto kwa wazazi wao, na aghalabu husema juu ya maamkio: mtoto apige magoti, apokee kitu kwa mikono miwili, aseme Shikamoo, asimkatize mkubwa maneno yake. Desturi hizo ni njema, na asiwepo wa kuzidharau. Lakini mtoto aweza kuzitimiza zote asubuhi, na jioni akamwibia bibi yake kwa ulimi tu, wala magoti yake yasimshitaki. Atakaye kujua kama mtoto amheshimu mzazi wake, na amwangalie anapomsomea.

Kitabu cha Mwanzo chasimulia habari za mzee aliyekuwa katika hali kama hiyo. Isaka alikuwa mkongwe, na macho yake yamepata giza. Mwanawe Yakobo akamjia na chakula, amevaa nguo za nduguye Esau na ngozi za wana-mbuzi mikononi, ili apate baraka isiyokuwa yake. Mzee akaona shaka. Sauti aliijua, lakini mikono ikampoteza. Akauliza, akapapasa, akauliza tena, na kila alipouliza alijibiwa uongo. Wasomaji wengi wa habari hii humwangalia Yakobo na baraka aliyoipata. Yafaa kumwangalia Isaka pia, anyoshapo mikono yake gizani kutafuta kama aambiwalo ni kweli. Asiyejua kusoma hufanya vivyo hivyo. Humtazama mtoto usoni, huisikiliza sauti yake kama yasita, kisha huuliza mara ya pili, "Ulisema ni kiasi gani?" Hana njia nyingine ya kujua.

Yakobo mwenyewe hakustarehe kwa baraka ile. Alikimbilia Harani, akadanganywa na Labani mjomba wake; na alipokuwa mzee, wanawe walimletea kanzu ya Yusufu iliyochovywa katika damu ya mbuzi, naye akaamini, kama babaye alivyoziamini ngozi za mbuzi.

Siku hizi ngozi haihitajiwi. Mathalani bibi ametumiwa shilingi 30,000 na mwanawe aliye Mbeya. Mjukuu ashika simu, asoma kimya, kisha asema, "Zimekuja elfu ishirini na tano." Aenda kwa wakala, atumia namba ya siri ambayo bibi alimwamini nayo, na elfu tano zabaki mfukoni mwake. Huenda akajiambia kwamba fedha hizo ni kidogo. Lakini kesho mwana wa Mbeya atapiga simu na kusema, "Mama, zile elfu thelathini zilikufaa?" Hapo bibi ataanza kumshuku mmoja wa hao wawili, wa mbali au wa karibu, wala hajui ni yupi, naye hana jicho la kumwamulia. Sura ya 19 ya Mambo ya Walawi yaanza kwa kumwamuru kila mtu awaheshimu mama yake na baba yake, na aya chache mbele yakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Mtoto asomaye kwa ajili ya wazee, akivunja amri moja katika hizo, ameivunja na ya pili.

Liko kosa jingine lisilo wizi, nalo lafanywa na watoto wema. Ni kubahatisha. Hati nyingi za forodha zimeandikwa kwa Kiingereza, na vyeti vya dawa mara nyingi ni vivyo hivyo. Mwanafunzi wa darasa la sita ajua kuyatamka maneno mengi ambayo maana yake hajui bado. Babaye amempa karatasi mbele ya wageni. Watu wote wamngojea. Aona haya kusema kwamba hajui. Basi atunga maana. Baba atoa fedha, au ampa mgonjwa vidonge vitatu mahali pa kimoja, kwa sababu mtoto hakutaka kuonekana mjinga. Kusema "Baba, neno hili silielewi, tumwulize mganga au mwalimu" ni kumheshimu mzazi kuliko kusoma upesi kwa sauti nzuri. Naye baba asikiapo neno hilo asimwambie mtoto kwamba miaka sita ya shule imepotea bure, maana akimwambia hivyo mara moja tu, mtoto hatakiri tena kwamba hajui, na mara ya pili atabahatisha.

Tena yako maandishi yaliyo na aibu ndani yake. Barua ya mdai, wito wa baraza, jibu la kipimo cha hospitali. Mtoto aliyeyasoma ajua sasa jambo ambalo hata mama wa nyumba labda halijui. Nuhu alipolala uchi hemani, mwana mmoja aliona akatoka kwenda kuwaambia nduguze; wale wengine wawili walichukua vazi, wakaenda kinyumenyume, nyuso zao zimegeukia upande mwingine, wakamfunika baba yao. Kisimani na njiani kwenda shuleni ndiko siri za wazazi zinakotoka nje. Mtoto aambiaye wenziwe, "Baba yangu adaiwa," hajasema uongo, lakini amemwacha babaye bila nguo.

Watoto wengine hufanya baya zaidi, nalo ni kuwadharau wazee moyoni kwa kuwa hawajui kusoma. Hudhani kwamba asiyejua herufi hajui kitu. Wadhanio hivyo hawajaichungulia historia ya nchi yao wenyewe. Karibu na kijiji cha Ndolezi huko Mbozi liko pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, urefu wake yapata meta 3, na uzito wake wakadiriwa kuwa tani zipatazo 16. Vitabu husema kwamba lilijulikana mwaka 1930, kwa sababu mwaka huo mpima ardhi mmoja Mzungu alipeleka habari zake. Wenyeji walilijua kabla ya hapo, ila hawakuliandika. Wanyiha hao hao walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Walijua mawe yafaayo na mawe yasiyofaa, makaa ya mti gani hutoa moto mkali, na saa ya kuifungua tanuru. Wakatengeneza majembe, na hakuna hata moja la mambo hayo lililokuwa katika karatasi.

Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifungua kituo chao Mbozi mwaka 1899. Mmoja wao, Traugott Bachmann, alilifasiri Agano Jipya kwa Kinyiha, likachapishwa mwaka 1913. Mgeni yule alijua kusoma na kuandika tangu utoto wake, lakini maneno hakuwa nayo. Maneno yalikuwa vinywani mwa wenyeji, watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika kalamu. Ilimpasa kuuliza na kusikiliza, kama mtoto aulizavyo, ndipo apate neno la Kinyiha la kusema rehema au dhamiri. Bila wao, ujuzi wake wa herufi usingetoa hata ukurasa mmoja wa kitabu kile. Kijana wa leo wa Tunduma, ambaye amesoma Kiswahili na Kiingereza lakini hawezi kuongea na bibi yake kwa Kinyamwanga ila kwa maneno machache, na akumbuke jambo hilo kabla ya kucheka jinsi bibi atamkavyo Kiswahili. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliupatana mwaka 1890. Bibi huyo pengine ana ndugu wengi upande wa Nakonde ambao mjukuu hawezi hata kuwaamkia vema.

Pia kutojua kusoma mara nyingi si kosa la mtu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 ndilo lililoagiza kwamba watoto wote wa Tanzania wapate elimu ya msingi. Waliokwisha kupita umri wa shule wakati huo, leo ni wazee wenye mvi. Wakati wa utoto wao shule zilikuwa chache, na mara nyingi nyumba ilichagua mtoto mmoja wa kwenda, wengine wakabaki kuchunga ng'ombe. Yule aliyechunga ndiye aliyemwezesha nduguye kusoma.

Hayo yote ni kwa watoto. Lakini Mtume Paulo hakuwaandikia watoto peke yao. Alipowaandikia Waefeso na Wakolosai aliwaagiza watoto watii, na hapo hapo, kabla ya kuvuta pumzi, akawageukia akina baba akawaonya wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa. Wakubwa wengi huikumbuka sehemu ya kwanza ya agizo hilo, na wengine huifundisha kwa fimbo; ya pili husomwa kanisani kwa sauti ndogo.

Mzazi humchokoza mtoto wake kwa njia nyingi, na moja hupita karibu sana na habari hii ya kusoma. Mgeni abisha hodi kudai fedha zake. Baba, aliye chumbani, amwambia mtoto, "Mwambie sipo." Au muuzaji amwambia binti yake asome namba ya mizani kwa mteja, akimkonyeza aongeze kilo mbili. Yafaa ikumbukwe kwamba Yakobo hakuyapanga yeye yale ya ngozi. Mama yake Rebeka ndiye aliyempikia chakula na kumvika nguo, naye alimwambia kwamba laana, kama iko, na iwe juu yake. Mtoto afundishwaye kumsomea mgeni uongo amekwisha kufundishwa kumsomea babaye uongo; ni ulimi ule ule. Baba huyo asistaajabu siku elfu tano zitakapopungua.

Tena mzazi apataye faida ya usomaji wa mtoto amewiwa na shule. Miezi ya mavuno ya kahawa madawati mengine huwa matupu. Kusaidia kuchuma baada ya masomo na siku za Jumamosi ni haki ya nyumba, na mtoto alalamikaye juu ya kazi hiyo na aulize ada ya sare yake ilitoka katika mti gani. Lakini kumtoa darasani majuma mawili, au kumtuma kubeba mizigo mpakani wakati wenziwe wanasoma, kisha jioni kumwita asome stakabadhi na kumgombeza kwa kukosea, ni kukamua ng'ombe asiyelishwa.

Liko jambo zito kuliko hayo. Na afikiriwe msichana wa darasa la saba ambaye babaye amempa barua aisome, naye aona katikati ya mistari jina lake mwenyewe, na hesabu ya ng'ombe, na mwezi wa harusi. Yeye ndiye msomaji, na yeye ndiye asemwaye. Je, asome kwa sauti gani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yahusuyo maisha yake. Na sheria hiyo hiyo yasema kwamba ni wajibu wa mtoto kuwaheshimu wazazi na walezi na wakubwa wake. Wako wazee wasemao kwamba haki za watoto zimekuja kuvunja adabu, na wako vijana wasemao kwamba haki hizo zimewaondolea utii. Wote wawili hawajaisoma sheria yenyewe. Baba wa msichana yule, kama amwamini binti yake asome barua, na amwamini pia aseme neno lake juu ya yaliyoandikwa. Itakuwa ajabu kuyahitaji macho yake na kuukataa ulimi wake.

Mama yake Yesu alimtafuta mwanawe siku tatu, akamkuta hekaluni katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Alikuwa na miaka 12, umri wa wengi wasomao darasa la sita. Mama alikuwa na uchungu mwingi, lakini neno lake la kwanza lilikuwa swali: alimwuliza kwa nini amewatendea hivyo. Mwana akajibu, wala wazazi hawakulielewa jibu lake. Hata hivyo akarudi nao Nazareti, akawatii. Naye mama akayaweka maneno yale moyoni. Mambo hayakuelewana siku ile, lakini hakuna aliyemvunjia mwenziwe heshima.

Na kama atafutwa mzee aliyejua kusomewa, yuko Eli, kuhani wa Shilo. Macho yake nayo yalikuwa yamefifia. Mtoto Samweli alilala katika nyumba ya Bwana kumtumikia. Usiku mmoja mtoto aliitwa, akamkimbilia mzee mara tatu akidhani ni yeye amwitaye. Mara zote tatu aliamshwa usingizini, wala hakumkaripia. Mara ya tatu mzee akatambua kwamba jambo hili ni kubwa kuliko yeye, akamfundisha mtoto maneno ya kujibu. Kulipokucha Samweli alifungua milango kama desturi yake, akaogopa kusema, kwa maana habari aliyopewa ilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli, kwa ajili ya wanawe waovu ambao hakuwazuia. Eli akamwita, akamwambia asimfiche hata neno moja. Mtoto akamwambia yote. Hakupunguza ukali wala hakuongeza kitu. Na Eli, mzee mwenye cheo, akaambiwa kosa lake na kitoto cha watu, akakubali kwamba ni neno la Bwana. Hakuinua mkono wake.

Wazazi wengi wa siku hizi hushindwa hapo. Habari mbaya ikisomwa, hasira humwangukia aliyeisoma. Matokeo ya mtihani, bei ya kahawa iliyoshuka, simu kwamba ng'ombe wamekufa huko Momba, yote hulipwa kwa mtoto aliyeyatamka. Mtoto apigwaye hivyo mara mbili hujifunza kuisoma karatasi kwanza kimya kimya na kumpa babaye sehemu zile tu zitakazomfurahisha, na hapo baba amekuwa kipofu kweli kweli, ingawa hasikii chochote ila habari njema.

Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata watu wazima wengi waliketi madarasani kujifunza herufi. Jambo hilo laweza kufanyika nyumbani bila tangazo. Katika daftari za vyama vya ushirika mtu asiyejua kuandika hutia kidole katika wino, akabandika alama yake mbele ya jina lililoandikwa na mwingine. Jina la mtu mara nyingi si zaidi ya herufi sita au saba. Mtoto aweza kumfundisha mama yake jioni, kwa kijiti, penye mchanga wa uani baada ya vyombo kuoshwa, watu wengine wasiwepo kutazama, na mama akikosea akafuta kwa mguu wake na kuanza tena.